Eilonwy, Gurgi na nguruwe mtabiri: namna ya kumsomea mtoto vitabu vya Prydain

Swali. Shangazi yake mwanangu amemletea kutoka Uingereza vitabu vitano vya Prydain vya Lloyd Alexander. Mtoto ana miaka 10, Kiingereza anakisoma lakini bado anahitaji kushikwa mkono. Nimejaribu kumsomea, majina yananishinda: Dallben, Fflewddur, Eilonwy. Rafiki yangu mwalimu anasema bila kuanza na Mabinogion hatutaelewa kitu. Mtoto naye kaniuliza kama huyu Arawn ndiye shetani wa watu wa Wales. Halafu sisi ni Waislamu, na kijana shujaa kazi yake ni kuchunga nguruwe! Nianzie wapi?

Jibu. Dada, anza na kitabu chenyewe. Mabinogion, ule mkusanyo wa hadithi za kale za Wales, ikae kabatini kwanza.

Mwalimu hakukosea kusema kwamba hadithi zimechotwa humo, ila Alexander hakuwaandikia watu wanaoijua Mabinogion. Alikuwa Mmarekani wa Philadelphia. Wales aliijua akiwa askari katika Vita Kuu ya Pili, jeshi lilipompeleka huko kwa mafunzo. Watoto wa Marekani wa miaka ya 1960 aliowaandikia hawakuwa wamesikia lolote kuhusu Gwydion wala Arawn. Kila anachohitaji msomaji kimo ndani ya kitabu, na katika dibaji yake anaonya mwenyewe kwamba Prydain si Wales, ingawa Prydain ni jina la Kiwelshi la kisiwa cha Britania.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mabinogion haikutungwa kwa ajili ya watoto. Hadithi zake kuu nne huitwa matawi. Katika tawi la pili, mtoto mdogo anatupwa motoni mbele ya mama yake. Katika tawi la nne kuna msichana anayebakwa, na wakosaji wanageuzwa wanyama kwa miaka mitatu, adhabu yenye mambo ambayo hutapenda kumweleza mtoto wa miaka 10 kabla ya kulala. Vipande vya kumfaa vipo, nitakutajia mwishoni.

Sasa majina, maana hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Kwa kweli wewe umebahatika kuliko msomaji wa Kiingereza. Kiwelshi kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile kama ki-TA-bu na ha-DI-thi. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi imekwisha: ei-LON-wi, ei-DHI-leg, DAL-ben. Tena sauti zinazowatoa jasho Waingereza wewe unazo tangu utotoni. Dd ni dh ya dhahabu. Th ni ya thelathini. Ch si ya chai, ni kh ya sabalkheri kwa anayeikwaruza kooni, kwa hiyo Achren ni AKH-ren. F moja ni v, ff mbili ndiyo f yetu. C ni k siku zote, g ni ya gari, na r ipigwe ulimi kama yetu. W ikikaa mahali pa irabu husomwa u. U yenyewe, ajabu, husomwa i. Basi Fflewddur ni FLEU-dhir, Arawn ni A-raun, Gwydion ni GWID-yon.

Iliyobaki ngumu ni ll. Weka ulimi kama unayetaka kutamka l ya lala, usitoe sauti, kisha puliza pumzi ipite pembeni mwa ulimi. Itatoka kama mlio wa paka aliyekasirika. Mtoto ataipenda, maana ni ruhusa ya kurusha mate. Ikishindikana sema l tu. Wasomaji wengi wa Marekani ndivyo wasemavyo. Y nayo ina tabia mbili: kwenye silabi ya mwisho ni i (Medwyn ni MED-win), na kabla ya hapo mara nyingi ni sauti hafifu iliyo kati ya a na e, ambayo sisi hatuna herufi yake.

Tahadhari moja. Alexander hakufuata tahajia ya Kiwelshi kila mahali. Nchi ya Arawn kwa Kiwelshi ni Annwfn, yeye akaandika Annuvin ili Mmarekani aweze kulisoma. Ukitumia kanuni ya u kuwa i utaipata «Annivin», na umepotea, sema a-NU-vin. Gurgi vilevile: asili yake ni Gwrgi, basi ni GUR-gi, g zote mbili za gari. Matoleo ya karibuni yana orodha ya matamshi nyuma ya kitabu, lakini imeandikwa kwa sikio la Kimarekani, na wewe hapa juu umeshapata bora kuliko hiyo.

Majina usiyafasiri. Maana zake, hata hivyo, ni utamu wa kumpa mtoto kidogo kidogo. Hen Wen, yule nguruwe, ni «mzee mweupe», jina la jike. Taran, yule kijana mchunga nguruwe, ni ngurumo ya radi. Fflam ni mwali wa moto. Caer ni ngome. Gwrgi ni mtu-mbwa, na ukimwona Gurgi mwenyewe, mwenye manyoya yaliyojaa majani na vijiti, hutauliza kwa nini.

Kitabu cha kwanza, *The Book of Three* (1964), kina sura 20. Ukisoma Kiingereza moja kwa moja, sura mbili kwa jioni zinatosha, na siku kumi mnamaliza. Ukiwa unasoma na kufasiri hapo hapo, soma moja tu. Ya pili itakukuta umechoka, utaanza kuruka maneno, naye atajua. Isome sura mwenyewe mchana, chagua maneno matano au sita yatakayomkwaza, umpe kabla hamjaanza. Katikati ya sura usisimame kueleza, labda aulize mwenyewe. Kinachowachosha watoto kwenye vitabu hivi si Kiingereza chake, ambacho kimenyooka, bali ni mzazi anayegeuza kila ukurasa kuwa somo.

Sura ya kwanza ndiyo kipimo. Taran anataka kufua upanga. Coll, mzee mwenye upara anayemfundisha kazi, ameamua watafua viatu vya farasi. Chuma kinapigwa, kijana analalamika, kisha anaokota chuma kilichopinda na kuanza kucheza nacho upanga dhidi ya adui asiyekuwepo. Analalamika pia kwamba yeye si kitu, hana cheo chochote duniani. Coll, kwa huruma na utani, anamtunuku cheo: Assistant Pig-Keeper.

Hapa usifasiri kivivu. Ukisema «msaidizi wa mchunga nguruwe», utani umekufa, kwani hicho ni kibarua tu. Sema «Naibu Mchunga Nguruwe». Neno naibu linanukia ofisi, mhuri na gari la serikali; likiwekwa mbele ya zizi la nguruwe mmoja, mtoto anacheka bila kuelezwa. Cheo hicho Taran atakitaja mbele ya wafalme katika vitabu vyote vitano, kwanza kwa aibu, kisha kwa namna nyingine, kwa hiyo kinastahili kufasiriwa vizuri tangu siku ya kwanza.

Maneno mengine mengi Kiswahili kinayo tayari. Bard ni malenga. Harp ni kinubi. Na Fflewddur Fflam, mfalme aliyeacha ufalme wake mdogo ili azunguke na kinubi baada ya kushindwa mtihani wa umalenga, ni kama aliumbwa kwa ajili ya lugha yetu: kila akitia chumvi kwenye maneno yake, uzi wa kinubi unakatika. Mwambie mtoto hivyo hivyo, «ametia chumvi, uzi umekatika», na baada ya siku mbili atakuwa anakukatia nyuzi wewe. Gurgi husema kwa maneno pacha yanayofanana mlio. Usijaribu kuyafasiri neno kwa neno, tunga yako: kutafuna na kuguguna, kupigwa na kuchapwa, kunusa na kupapasa. Binti mfalme Eilonwy hawezi kutaja jambo bila kulifananisha na jambo lingine la ajabu. Ukichoka kufasiri mifano yake, mwombe mtoto atoe wake.

Barrow ni kaburi la mfalme lenye vyumba chini ya kilima. Si toroli, ingawa kamusi ndogo itakupa toroli, na itakuwa kioja kuusoma upanga wa Dyrnwyn ukitolewa kwenye toroli. Cauldron ni chungu, ongeza «kikubwa cha chuma». Fair Folk, watu wa Mfalme Eiddileg wanaoishi chini ya ardhi na wengine wao kuweza kutoonekana, wengi hukimbilia kuwaita majini. Mimi nisingeshauri. Jini kwetu ana habari zake, na mtoto ataanza kuuliza maswali ambayo kitabu hakina majibu yake. «Watu wa chini» yatosha. Kati yao yumo Doli, ambaye kutoonekana kunamshinda hata akibana pumzi mpaka akabadilika rangi. Ukiigiza kubana huko pumzi, usiku huo hakuna atakayelala mapema.

Tuje kwa nguruwe. Hen Wen hafugwi kwa ajili ya nyama na hakuna anayemla, ambalo ndilo lililokatazwa. Anatunzwa kwa sababu ni mtabiri, na mfalme adui anamtafuta kwa sababu hiyo hiyo. Likisemwa hilo mapema, mtoto wa Kiislamu hana tabu naye. Atamwona kama tunavyomwona sungura au fisi wa hadithini. Kama kuna jambo la kuzungumza nyumbani kwenu, naona ni ule utabiri wenyewe: Dallben, mzee mwenye nguruwe huyo, huweka mbele yake vijiti vya mti vilivyochongwa alama, na Hen Wen huelekeza pua kwenye alama mpaka jibu lisomeke. Hiyo ni ramli, tusizunguke. Mweleze kwamba ndiyo desturi ya nchi ile ya hadithi, na muone pamoja jinsi majibu yake yanavyopatikana kwa shida na kueleweka kwa shida zaidi.

Tena nguruwe huyu hakubuniwa. Katika mkusanyo wa kale wa Kiwelshi uitwao Trioedd, ambapo habari zimepangwa tatu tatu ili zikumbukwe, wametajwa wachunga nguruwe watatu wenye nguvu wa Kisiwa cha Britania. Mmoja wao ni Coll mwana wa Collfrewy, aliyemlinda Henwen, nguruwe wa Dallwyr Dallben. Ilikuwa imetabiriwa kwamba uzao wake utaidhuru nchi. Akazunguka Wales akizaa vitu visivyo vya nguruwe: kusini punje ya ngano na nyuki, kaskazini mtoto wa mbwamwitu na kinda la tai, na mwisho paka mdogo aliyekua akawa janga kisiwani Môn. Utaona Alexander alivyofanya. Dallben, Coll na nguruwe wake wamehamia zizi moja, vitisho vimeachwa nje.

Namna hii ya kuchota majina na kuyapa kazi mpya ndiyo ufunguo wa swali la mwanao kuhusu Arawn. Jibu fupi: hapana, si shetani, na kwa watu wa Wales hakuwahi kuwa hivyo. Kitabuni ni Bwana wa Mauti, mwizi wa siri na maarifa ya binadamu, anayeiba maiti na kuwafanya askari. Kwenye Mabinogion, mahali alipotoka, ni mfalme muungwana kabisa.

Kisa chenyewe ndicho kinachofungua tawi la kwanza. Pwyll, mtawala wa Dyfed, yuko mawindoni. Anakuta kundi la mbwa lisilo lake limemwangusha paa dume. Mbwa hao ni weupe wa kung'aa, masikio mekundu. Anawafukuza na kuwapa mbwa wake mwenyewe mnyama yule. Mwenye mbwa anatokea: ni Arawn, mfalme wa Annwfn, na amekasirika kwa haki. Pwyll anauliza atalipaje kosa. Arawn anambadilisha sura: kwa mwaka mmoja Pwyll atakaa Annwfn kwa sura ya Arawn, na Arawn atatawala Dyfed kwa sura ya Pwyll. Mwisho wa mwaka Pwyll apigane na Hafgan, mfalme hasimu, ampige pigo moja tu, kwani la pili humponya. Pwyll anatimiza yote, na usiku wa mwaka mzima analala chumba kimoja na mke wa Arawn bila kumgusa. Anaporudi kwake, raia wanamwambia hawajawahi kutawaliwa vizuri kama mwaka ule. Toka hapo wawili hao ni marafiki, wanapelekeana farasi, mbwa na vipanga.

Annwfn hiyo ni nchi yenye ikulu, karamu na wanawake waliovaa hariri. Ukitaka neno la Kiswahili, kuzimu ya ngano zetu za zamani ndiyo inayokaribia, mahali ambapo mtu huweza kwenda akarudi. Usiseme jehanamu.

Na mchezo umegeuzwa pande zote mbili. Gwydion, ambaye kwa Alexander ni mkuu mwenye busara, nguo zimechakaa lakini heshima imejaa, kwenye tawi la nne ni mchawi mjanja, laghai. Anakwenda kwa Pryderi, mwana wa Pwyll, na kumlaghai nguruwe waliotoka Annwfn, zawadi ya Arawn, kwa kubadilishana na farasi kumi na wawili na mbwa kumi na wawili aliowaumba kwa uchawi, ambao wanatoweka baada ya siku moja. Vita vinazuka na Pryderi anauawa. Kwa hiyo kwenye asili Arawn ndiye mtoa nguruwe, Gwydion ndiye mwizi wao. Jambo hili ni zuri sana kuzungumza na kijana wa miaka 14 aliyemaliza vitabu vyote. Kwa wa miaka 10 litamharibia Gwydion bure.

Taran mwenyewe karibu hayupo kwenye asili. Jina hilo lipo katika orodha ya watu saba walionusurika vita vya Ayalandi: mmoja wao ni Glifieu Eil Taran, ambalo kwa kawaida husomwa kuwa mwana wa Taran. Huko jina limebaki kwa sababu mtu ni baba wa fulani. Alexander amelichukua na kumpa kijana asiyemjua baba yake.

Kitabu cha pili, *The Black Cauldron* (1965), ndicho kilichofungamana na asili kuliko vyote, na hapa naomba usimsomee mtoto aya hizi mbili kabla hajafika mwisho wake. Tawi la pili linasimulia jinsi Branwen, dada wa mfalme Bendigeidfran, alivyoozwa kwa Matholwch, mfalme wa Ayalandi. Efnysien, ndugu yake wa mama mmoja, anaona hakuulizwa, basi kwa hasira anawakata farasi wa wageni midomo, masikio na mikia. Ili kuponya aibu hiyo Bendigeidfran anatoa fidia, na ndani yake kuna chungu: maiti akitupwa humo leo, kesho atapigana kama zamani, ila hatasema tena. Branwen anateswa Ayalandi, anapelekwa jikoni, na kwa miaka mitatu anamlea ndege aina ya kwezi na kumfundisha maneno mpaka anamtuma ng'ambo ya bahari na barua. Vita vinakuja. Waayalandi wanawasha moto chini ya chungu na maiti wao wanainuka kila siku. Efnysien, akiona maafa aliyoyaanzisha, anajilaza kati ya maiti wa adui, anatupwa chunguni, anajinyoosha mpaka chungu kinapasuka vipande vinne, na moyo wake unapasuka nacho.

Alexander ameshika mambo mawili hapo: askari mabubu wasiokufa, na mtu aliyeharibu ndiye anayelipa. Akaongeza sharti lake: chungu kitavunjika tu ikiwa aliye hai ataingia mwenyewe, kwa hiari, akijua hatatoka. Mzigo wa kitabu kizima ni kujiuliza nani ataingia. Taran analipa thamani kubwa kukipata chungu kwa ajuza watatu wa kinamasini, na ajuza hao, Orddu, Orwen na Orgoch, wanafaa kusomwa kwa sauti tatu tofauti hata kama wewe si mwigizaji.

Ndiyo maana nakusihi usianze na filamu. Ile ya katuni ya Disney ya 1985 imevikoroga vitabu viwili vya kwanza chungu kimoja: Gwydion hayumo, Ellidyr, yule mtoto wa mfalme mwenye kiburi, hayumo, na jibu la nani anaingia chunguni limebadilishwa. Mtoto aliyeitazama kwanza anasoma akisubiri jambo lisilokuja. Akisha soma, atazame, mbishane.

Kuhusu vinavyotisha: katika sura za mwanzo za kitabu cha kwanza, Mfalme mwenye pembe anachoma watu ndani ya vikapu. Ni mistari michache, lakini ipitie mwenyewe kwanza. Askari wa chungu wanatisha kwa ukimya wao. Mwambie mtoto mapema kwamba nguvu zao hupungua kadiri wanavyokuwa mbali na Annuvin, jambo linalosemwa kitabuni na linalomtuliza msomaji kama linavyowatuliza wahusika. Wapo wema watakaokufa katika cha pili, na wengi zaidi katika cha tano. Usimwahidi kwamba fulani atapona.

Cha tatu, *The Castle of Llyr* (1966), ni chepesi na cha kuchekesha, kina paka mkubwa kama farasi. Mkikisoma haraka hakuna hasara. Cha nne, *Taran Wanderer* (1967), ndicho watoto wengi huachia njiani. Hakuna jeshi wala chungu. Taran anazunguka nchi akitafuta wazazi wake na kujifunza kwa mafundi: mhunzi, mfumaji, mfinyanzi. Kwa mhunzi na mfumaji anafaulu kiasi lakini moyo wake haubaki huko. Ufinyanzi anaupenda kuliko yote, anakaa gurudumuni na udongo mikononi, na hapo ndipo anapogundua kwamba kipaji hana. Kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote vitano, lakini ni kitabu cha miaka 12. Mtoto wa miaka 10 akianza kupiga miayo, acheni baada ya cha tatu, mrudi baada ya mwaka au miwili. Msikiruke kwenda cha tano, *The High King* (1968), kilichopata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1969: mafundi wale wanarudi humo, na msomaji asiyewajua hataona kwa nini Taran anaumia.

Sasa Mabinogion. Jina hilo lenyewe limetokana na neno linalopatikana mara moja tu kwenye hati, labda kosa la mwandishi. Neno sahihi ni mabinogi, na matawi yake ni manne. Hadithi zote kwa kawaida huhesabiwa kumi na moja. Zimehifadhiwa hasa katika hati mbili za karne ya 14 na mwanzo wa ya 15, Kitabu Cheupe cha Rhydderch kilichoko Aberystwyth na Kitabu Chekundu cha Hergest kilichoko Oxford. Tafsiri ya Kiingereza ya Sioned Davies ya 2007 ndiyo ningekununulisha: imetengenezwa isomeke kwa sauti. Ya Charlotte Guest ya karne ya 19 ni bure kwenye intaneti, ila Kiingereza chake kimezeeka.

Kwa mtoto wa miaka 10, chukua vipande viwili kutoka hadithi ya Culhwch na Olwen, uvisimulie kwa Kiswahili bila kitabu. Cha kwanza ni wanyama wakongwe. Watu wa Arthur wanamtafuta Mabon, aliyeibwa kwa mama yake akiwa na siku tatu. Wanamuuliza ndege mweusi wa Cilgwri. Anajibu kwamba alipofika hapo kulikuwa na fuawe la mhunzi, yeye analidonoa kila jioni tu, na sasa limebaki ukubwa wa kokwa. Kwa muda wote huo hajasikia habari za Mabon. Lakini yuko aliyemtangulia. Wanakwenda kwa paa dume, kwa bundi, kwa tai, kila mmoja mkongwe kuliko mwenzake, mpaka kwa samaki wa Llyn Llyw, na huyo anawabeba begani mpaka chini ya ukuta wa gereza. Cha pili ni chungu, si cha chuma, wale wadudu: wameokolewa motoni, wanalipa kwa kukusanya mbegu za kitani zilizotapakaa shambani, kipimo kizima, ikipungua mbegu moja tu. Kabla ya usiku kuingia, chungu kiwete anaileta.

Kisa cha Pwyll na Arawn kisubiri mpaka mmalize *The High King*. Kuanzia mbwa weupe wenye masikio mekundu hadi Pwyll anaporudi Dyfed ni kurasa chache tu, zinasomeka jioni moja, ukiruka sentensi ya chumba cha kulala.